Una Mfuko Tumboni? Usiogope Maji

Kila sikukuu inapofika, iwe Krismasi, Pasaka au Idi, fukwe za Dar es Salaam hufurika watu. Familia hupanda daladala mapema kwenda Coco Beach, nyingine huvuka kwa pantoni hadi Kigamboni, na kule Tanga watu huteremkia Raskazone. Watoto hukimbilia maji hata kabla ya kuvua viatu. Akina mama hukaza khanga zao, huingia hadi magotini, humwagiana maji na kucheka kama wasichana.

Lakini si kila mtu huenda. Wapo wenzetu wanaosema, "Nendeni tu, mimi nitabaki kulinda nyumba." Sisi tunaohudumia wagonjwa wodini, na siku za mapumziko huwatembelea majumbani pamoja na akina mama wa kanisani, tunajua kwamba baadhi yao hawabaki kwa kupenda. Wanabaki kwa sababu wana mfuko tumboni, nao wanaogopa usije ukabanduka mbele za watu.

Mpendwa msomaji, makala hii ni kwa ajili yao, na kwa ajili yako wewe unayeishi nao. Jibu letu tulitoe mapema: mtu mwenye stoma anaweza kuoga, kuingia baharini na kuogelea. Mfuko peke yake si sababu ya kumfungia mtu ndani. Yanayohitajika ni jeraha lililopona, mfuko unaoshika vizuri na maandalizi ya busara.

STOMA NI NINI?

Stoma ni tundu ambalo daktari wa upasuaji hulitengeneza kwenye ukuta wa tumbo, akavuta nje sehemu ndogo ya utumbo na kuishona kwenye ngozi. Choo au mkojo hutokea hapo badala ya njia ya kawaida, na hupokelewa na mfuko uliobandikwa juu yake.

Zipo aina tatu kubwa. Kolostomi hutengenezwa kwenye utumbo mpana, na mara nyingi choo chake huwa kimeshikana. Ileostomi hutengenezwa mwishoni mwa utumbo mwembamba. Choo chake ni cha majimaji, hutoka mara nyingi kwa siku na huunguza ngozi kikiigusa. Urostomi ni ya mkojo, nayo haina saa ya kupumzika.

Sababu za kuwekewa stoma ni nyingi. Wapo wenye saratani ya utumbo mpana au ya njia ya haja kubwa. Wapo ambao utumbo ulijisokota, na wengine ulitoboka kwa homa ya matumbo. Wapo waliopata ajali. Wapo watoto waliozaliwa bila tundu la haja kubwa, na akina mama walioumia vibaya wakati wa kujifungua, ambao hutengenezewa stoma ili sehemu iliyoumia ipone. Wengine hukaa nayo miezi michache kisha utumbo hurudishwa ndani. Wengine huishi nayo maisha yao yote.

Jambo hili si geni duniani. Mwaka 1793, huko Brest nchini Ufaransa, daktari aitwaye Duret alimtengenezea kolostomi mtoto wa siku tatu aliyezaliwa bila tundu la haja kubwa. Mtoto huyo aliishi hadi umri wa miaka 45.

MFUKO ULIOTOKANA NA UCHUNGU WA NDUGU

Sisi wauguzi tuna sababu ya kujivunia mfuko huu, maana aliyeubuni ni muuguzi mwenzetu. Zamani wagonjwa walifungwa vikopo, vitambaa au vifuko vya mpira kwa mikanda. Vilivuja na kunuka, na vilimwonyesha mtu wazi wazi chini ya nguo.

Huko Denmark, muuguzi aitwaye Elise Sørensen alikuwa na ndugu yake wa kike, Thora, aliyefanyiwa upasuaji wa kolostomi akiwa na umri wa miaka 32. Thora hakutaka tena kutoka nje kwa kuogopa kuvuja mbele za watu. Mwaka 1954 Elise alipata wazo la mfuko mwembamba wa plastiki wenye duara la gundi linaloshika moja kwa moja kwenye ngozi. Alihangaika kumpata wa kuutengeneza, hadi mwenye kiwanda cha plastiki, Aage Louis-Hansen, alipokubali. Mkewe, Johanne, naye alikuwa muuguzi, na ndiye aliyemhimiza asilitupe wazo lile. Kampuni ya Coloplast ilianzishwa mwaka 1957 kutokana na kazi hiyo.

Tazama basi: mfuko huu ulibuniwa ili mwanamke mmoja aliyejifungia ndani apate kutoka nje. Inasikitisha kuona leo mtu anauvaa mfuko huo huo na bado amejifungia.

MASWALI TUNAYOULIZWA MARA KWA MARA

Je, maji hayataingia tumboni kupitia stoma? Hapana. Maji hayaingii ndani wala hayaidhuru stoma. Ndiyo maana bafuni unaweza kuoga ukiwa na mfuko au bila mfuko. Maji ya chumvi ya bahari na dawa ya klorini ya bwawani pia havina madhara kwa stoma. Lakini unapoogelea ni lazima mfuko uwepo, kwa sababu stoma haina msuli wa kuzuia choo, na huwezi kujua kitatoka saa ngapi.

Je, mfuko hautabanduka? Mifuko ya kisasa yenye gundi imetengenezwa kuvumilia maji. Ukibandikwa kwenye ngozi safi na kavu, ukapewa muda wa kushika, hukaa. Hata hivyo joto, jasho na kukaa majini muda mrefu hupunguza nguvu ya gundi. Ukizoea kuogelea, tegemea kuubadilisha mapema kuliko kawaida.

Je, haitanuka? Mfuko mzima uliobandikwa sawasawa hautoi harufu. Harufu ikitokea wakati mfuko haujafunguliwa, ni dalili kwamba kuna mahali panavuja. Uangalie mara moja.

Je, sitawachafulia wengine maji? Mfuko uliofungwa vizuri haupitishi kitu. Pia stoma si kidonda. Ukikuta bango bwawani linalokataza wenye vidonda, halikuhusu wewe. Msimamizi akiuliza, mweleze kwa upole kwamba ulifanyiwa upasuaji, umepona, na mfuko wako umefungwa. Lakini ukiwa na tumbo la kuharisha, usiingie bwawani kabisa. Hiyo ni sheria kwa watu wote, wenye mfuko na wasio nao.

ANZA LINI?

Usikimbilie maji mara tu utokapo hospitali. Kwa kawaida hupita wiki sita hivi, jeraha liwe limefunga kabisa, na daktari aliyekufanyia upasuaji awe amekuruhusu. Anayeendelea na mionzi au dawa za saratani aulize kwanza, maana ngozi yake na nguvu zake zinahitaji uangalizi zaidi.

Wengi wanaogopa ngiri kando ya stoma, na ni kweli inaweza kutokea, hasa kwa wanaonyanyua ndoo za maji na magunia mapema. Kuogelea taratibu si sawa na kunyanyua gunia. Maji hubeba uzito wa mwili, na viungo hufanya kazi bila kukazwa mno. Kwa mtu aliyelala kitandani wiki nyingi ni mazoezi mazuri. Anza kwa kutembea ndani ya maji, kisha endelea kidogo kidogo.

Na kama hukujua kuogelea kabla ya upasuaji, mfuko hautakufundisha. Kaa mahali unapofikia chini kwa miguu, na usiingie peke yako.

JARIBIO LA BESENI

Hili ndilo tunalolisisitiza kuliko yote, kwa sababu ndilo linaloondoa hofu. Kabla ya kwenda mbele za watu, jaribu nyumbani.

Chukua beseni kubwa au karai la kufulia, lile la kutosha kukaa. Tia maji ya vuguvugu hadi yafike juu ya mfuko ukiwa umeketi. Kaa humo dakika 20. Inama, geuka, jinyooshe, cheka. Kisha toka, jifute na uangalie kingo za kibandiko pande zote. Je, zimenyanyuka? Je, kuna maji yaliyoingia chini yake? Kama zimeshika, sasa unajua kwa macho yako mwenyewe. Kama zimeachia, umegundua ukiwa nyumbani kwako na mlango umefungwa, na hakuna aliyekuona.

Rudia siku nyingine ukiwa umevaa nguo utakayoogelea nayo. Wasio na beseni wanaweza kusimama chini ya bomba la mvua au kumwagiwa maji kwa kopo muda huo huo, ingawa jaribio la kukaa ndani ya maji ni bora zaidi.

MAMA MMOJA MSHONAJI

Tulimhudumia mama mmoja, fundi cherehani, mwenye watoto watatu. Aliwekewa kolostomi ya kudumu kwa ajili ya saratani ya njia ya haja kubwa. Tulipomtembelea nyumbani miezi mitano baadaye, jeraha lilikuwa limepona vizuri. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa hajapona. Alikuwa ameacha kwaya. Alikuwa amehamia chumba cha watoto. Bwana wake alituambia kwa sauti ya chini kwamba hajui akosee wapi wala apatie wapi.

Umoja wa akina mama ulikuwa unapanga safari ya Bagamoyo na watoto. Alipotajiwa, alitikisa kichwa.

"Dada nesi, niacheni. Nikiaibika mbele ya wakwe zangu nitaweka wapi uso?"

Wifi yake, aliyekuwa akimenya viazi pembeni, akasema, "Wifi, mimi nilikufulia mashuka ulipotoka hospitali. Aibu gani tena iliyobaki kati yetu?"

Wote walicheka, naye akacheka, kisha akalia. Jioni ile alikubali jaribio la beseni. Wifi yake ndiye aliyeshika saa. Dakika 20 zilipita, kibandiko kikiwa hakijasogea hata kidogo, naye akasema, "Hebu nikae kidogo tena."

Bagamoyo hakuogelea. Aliingia hadi kiunoni, akamshika mkono binti yake mdogo, wakawa wanaruka kila wimbi linapokuja. Alitoka mara moja kuukagua mfuko, akarudi. Jambo hilo laweza kuonekana dogo, lakini mtoto yule hakuwa amemwona mama yake akiruka tangu augue. Na Jumapili mbili baadaye alirudi kwenye kwaya.

SIKU YA SAFARI: HATUA KWA HATUA

1. Badilisha mfuko mapema. Usibandike mfuko mpya halafu ukaingia majini papo hapo. Ipe gundi saa moja au zaidi ya kushika, na wengi huona ni salama zaidi kuubadilisha jana yake. Kwa mwenye ileostomi, wakati mzuri wa kubadilisha ni alfajiri kabla ya chai, maana utumbo huwa umetulia.

2. Ngozi iwe safi na kavu. Osha kwa maji ya kawaida, kausha kwa kupapasa na kitambaa laini. Usipake mafuta ya nazi, vaselini, losheni wala mafuta ya kuzuia jua karibu na stoma. Gundi haishiki penye mafuta. Wenye vinyweleo tumboni wavinyoe kwa uangalifu.

3. Kata tundu la kibandiko kwa kipimo cha stoma. Likiwa kubwa mno, choo huingia chini yake na kuunguza ngozi. Stoma hupungua ukubwa katika wiki za mwanzo, hivyo kipimo cha hospitali kinaweza kisifae tena.

4. Ongeza ulinzi. Bandika plasta isiyopitisha maji kuzunguka kingo zote nne za kibandiko, kama fremu ya picha. Kama mfuko wako una vishikizo vya mkanda, vaa mkanda.

5. Ziba kichujio. Mifuko mingi ya choo ina kitundu kidogo cha kutolea hewa chenye kichujio. Maji yakiingia humo, kichujio huharibika. Pakiti nyingi huja na vibandiko vidogo vya duara kwa kazi hiyo. Bandika kimoja kabla ya kuingia majini, kibandue ukishatoka.

6. Mwaga mfuko kabla ya kuingia, na utoe hewa yote. Mfuko mtupu hulala bapa chini ya nguo. Mwenye urostomi ahakikishe koki ya chini imefungwa barabara.

7. Beba mfuko wa akiba. Katika kipochi kidogo weka mfuko mpya uliokwisha kukatwa tundu, kitambaa chenye unyevu, kitambaa kikavu, kioo kidogo, kifuko cha kutupia uchafu na nguo ya kubadilisha. Kipochi kikae kivulini. Joto kali la jua au la ndani ya gari lililofungwa huharibu gundi.

8. Ukifika, jua choo kiko wapi kabla ya kujua soda inauzwa wapi.

MAVAZI

Katika jambo hili akina mama wa kwetu tuna nafasi nzuri, kwa sababu desturi yetu haidai tuonyeshe tumbo. Hakuna anayemshangaa mwanamke anayeingia baharini na fulana pana na suruali ya kubana. Kisiwani Unguja, wasichana wa Kijini waliofundishwa kuogelea na mradi wa Panje walivaa mavazi marefu ya kuogelea yanayofunika mwili wote, na picha zao za mwaka 2016 zilisifiwa duniani. Vazi la namna hiyo humfaa sana mwenye mfuko.

Ndani vaa chupi ya kiuno cha juu au kaptura ya kubana inayoukumbatia mfuko usielee. Isibane mno, maana choo lazima kipate nafasi ya kuteremka. Kikikusanyika juu karibu na stoma, kitasukuma kibandiko kiachie. Chagua kitambaa cheusi au chenye maua mengi. Cheupe kikilowa huonyesha kila kitu. Khanga ni nzuri kwa kujifunga ukitoka, lakini ndani ya maji huvuta na kunasa miguuni, hivyo iache ufukweni. Wanaume wavae kaptura ya kiuno cha juu na fulana ya kubana.

CHAKULA NA KINYWAJI

Kula kidogo saa mbili au tatu kabla ya kuingia majini. Wali mweupe na ndizi mbivu husaidia choo kushikana. Maharage, kabichi na soda huleta gesi, na gesi hujaza mfuko kama puto. Kuongea sana huku unakunywa kwa mrija pia huingiza hewa.

Wenye ileostomi wawe macho zaidi, kwa sababu vitafunwa vya ufukweni ndivyo vinavyoweza kuwaziba utumbo: mahindi ya kuchoma, korosho, karanga, nyama ya nazi, pweza asiyeiva vizuri. Si marufuku ya milele, lakini kula kidogo na utafune sana. Mihogo ya Coco Beach nayo ni mitamu, ila toa ule uzi wa katikati.

Maji ya kunywa ni muhimu kuliko chakula. Mwenye ileostomi hupoteza maji na chumvi nyingi kila siku kupitia mfuko, na jua la pwani huongeza. Kiu kali, kizunguzungu, mkojo mchache na wa rangi iliyokolea ni dalili za kupungukiwa. Maji matupu hayatoshi kwake. Abebe maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi na salama, vijiko 6 vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kulinganisha mdomo wa kijiko. Mwenye urostomi naye anywe maji mengi ili mkojo usilale na kuleta maambukizi. Mwenye ugonjwa wa moyo au wa figo amuulize daktari wake kwanza.

BAHARI, BWAWA AU ZIWA?

Bwawa lina faida ya choo karibu, maji tulivu na kina kinachojulikana. Kwa mara ya kwanza, chagua siku ya katikati ya wiki wakati watu ni wachache.

Bahari ni ya bure na ni pana, lakini ina mawimbi. Wimbi kubwa likikupiga tumboni linaweza kuinua kibandiko. Ingia wakati bahari imetulia, mgeuzie wimbi mgongo au ubavu, na usifuate maji yanapokupwa kwa nguvu. Jiepushe na sehemu zilizo karibu na midomo ya mito na mifereji ya mji, hasa baada ya mvua, kwa sababu ya uchafu.

Ziwa na mabwawa ya maji baridi yana jambo jingine: kichocho. Konokono wa maji baridi hubeba vimelea vinavyopenya kwenye ngozi, na mwambao wa Ziwa Victoria unajulikana kwa tatizo hili. Mwenye stoma hana hatari kubwa kuliko wengine kwa ngozi yake, lakini mwili uliotoka kuugua hauhitaji ugonjwa wa pili. Isitoshe, kichocho cha kibofu kisichotibiwa miaka mingi ni mojawapo ya vyanzo vya saratani ya kibofu, na saratani hiyo ni mojawapo ya sababu za watu kuwekewa urostomi. Aliyekwisha kuoga humo apimwe. Dawa yake ipo.

MFUKO UKIVUJA

Usipige kelele, usikimbie. Weka mkono au taulo tumboni, toka taratibu, nenda chooni na kipochi chako. Bandua, safisha, kausha, bandika mfuko mwingine, na kwa siku hiyo maji yawe basi. Kama choo kimeingia bwawani, mwambie msimamizi ili maji yashughulikiwe. Kusema ukweli hapo ni kuwalinda watoto wa wenzako.

Ukimaliza kuogelea bila tatizo, bado kuna kazi ndogo. Jisuuze kwa maji safi, kausha mfuko na kitambaa chake cha nyuma, maana unyevu ukikaa juu ya ngozi huleta upele na fangasi. Kagua kingo. Zikiwa zimekuwa nyeupe na kunyanyuka, badilisha.

Ziko dalili zinazohitaji hospitali, uwe umeogelea au hukuogelea: stoma iliyogeuka rangi kuwa ya zambarau au nyeusi, damu isiyokatika, au stoma kuacha kutoa choo huku tumbo likisokota na kutapika. Stoma yenye afya ni nyekundu au ya waridi na ina unyevu, kama ndani ya shavu. Kutoa damu kidogo ikiguswa ni kawaida, na haina hisia ya maumivu, hivyo inaweza kuumia bila wewe kujua. Itazame kila unapobadilisha mfuko.

NA ASIYE NA MFUKO WA DUKANI?

Hapa tuseme wazi. Mifuko hii ni ghali, na nje ya miji mikubwa haipatikani kwa urahisi. Wapo wanaofunga vitambaa, na wapo waliokuwa wakitumia mifuko ya rambo kabla haijapigwa marufuku nchini mwezi Juni 2019. Mfuko wa kufunga kwa kitambaa hauzuii maji, na hatushauri mtu kuingia nao bwawani au baharini. Atajiaibisha bure na kuwachafulia wengine.

Lakini hata yeye asibaki nyumbani. Anaweza kukaa ufukweni, kutembea kwenye maji ya kifundo cha mguu na kula na wenzake. Na hapa ndipo umoja wa akina mama una la kufanya. Tunachanga kwa ajili ya harusi, misiba na sare. Mifuko miwili mitatu kwa ajili ya mwenzetu mmoja siku ya safari haiwezi kutushinda. Anayepata mifuko michache hospitali aweke mmoja mzuri akiba kwa siku kama hiyo.

KWA WALIO KARIBU NAYE

Bwana, mwambie mkeo kwamba unamtaka safarini, na usisubiri yeye ajialike. Mshikie kipochi chake bila kuona haya. Watoto waelezwe kwa maneno machache ya kweli: "Mama alikuwa mgonjwa, madaktari walimtengenezea njia nyingine ya choo, haimuumi." Mtoto akielewa, haogopi, wala hamchungulii.

Mashoga na mawifi, msimlazimishe kuingia majini, na msimtangaze kwa wengine. Mwenye siri ni yeye. Mwulizeni tu, "Unahitaji nini tukubebee?" Kisha mtafutieni kivuli kilicho karibu na choo.

Nawe uliye na mfuko, huna deni la kumweleza kila mtu. Mchague mmoja unayemwamini ajue, ili ukihitaji msaada usianze maelezo kwenye shida. Kwa wengine, "Nilifanyiwa upasuaji, nimepona" inatosha.

Tangu mwaka 1993 kumekuwa na Siku ya Stoma Duniani, inayoangukia Jumamosi ya kwanza ya mwezi Oktoba. Inaweza kuwa siku nzuri ya kuwatembelea wenzetu hawa. Lakini si lazima tusubiri hadi hapo. Sikukuu nyingine inakuja, na orodha ya watakaokwenda ufukweni itaandikwa. Kabla ya kuifunga, tuulizane: ni nani safari iliyopita alisema atabaki kulinda nyumba? Tumwendee, na beseni mkononi.